Kauboi wa Likoni na Kauboi wa Ujerumani

Wajerumani wana mapenzi ya ajabu na Bud Spencer na Terence Hill, wale Waitaliano wawili wa filamu za kauboi za Trinity za 1970 na 1971: mmoja mnene wa makofi, mwengine mwembamba wa ujanja. Mwaka 2011 mji wa Schwäbisch Gmünd uliliita bwawa lake la kuogelea kwa jina la Bud Spencer. (Si bure, kabla ya sinema aliogelea katika Olimpiki.) Sikukuu zikifika, jirani zangu hapa Ujerumani hukaa kwenye kochi, taa hafifu, wakitazama picha wanayoijua mwanzo mpaka mwisho. Kucheka ruhusa. Kuisemesha televisheni, hapana.

Kwetu Likoni, Mombasa, kauboi tulimtazama kwenye kibanda cha mabati, tumebanana kwenye fomu, shuka limetundikwa mlangoni kuzuia jua, kiazi karai mkononi na ukwaju unachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Adui akimvizia steringi, kibanda kizima kinapiga kelele: "Nyuma yako!" Picha tumeiona mara chungu nzima, na bado tunamwonya. Juu ya kelele hizo kuna sauti ya DJ, msimulizi wa picha. Kenya nzima inamjua DJ Afro, na wako wengine wengi. DJ hafuati maneno ya filamu. Anamkejeli adui, anampa steringi moyo, anachomeka habari za mtaani.

Kijerumani kilipoanza kuniingia ndipo nikang'amua kuwa wenzetu nao wana DJ wao. Rainer Brandt, aliyeziandikia filamu nyingi za Spencer na Hill maneno ya Kijerumani, alitia mizaha ambayo Waitaliano wenyewe hawakuisema. Starehe basi ni ile ile: mtu wa mbali anaongea kama watu wa kwenu, na unajua hafi.

Lakini kuna kitu kibandani hatukukipata. The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, iliyopigwa Uhispania wala si Marekani, inafikia kilele makaburini. Wanaume watatu wanakodoleana macho dakika kadhaa bila neno, muziki wa Ennio Morricone ndio unaosema. Likoni sikuwahi kuusikia, maana DJ alikuwa juu yake. Nimekuja kuusikia huku.

Kwa raha, kibanda kinalishinda kochi, na sibishani na mtu. Ila ma-DJ wetu, msemeni adui mpaka mchoke, lakini mkifika makaburini nyamazeni kidogo, tumsikie Morricone.