Magunia 14 ya Mahindi na Kompyuta ya Michezo



Akina mama kadhaa wametuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Kijana ataka kompyuta ya kuchezea gemu, ataja majina na nambari ambazo mama hazijui, na bei anayoitaja yatisha. Je, mama akatae? Na akikubali, atajuaje kwamba fedha hazikutupwa? Leo twapenda kujibu kwa jambo lililopita nyumbani kwa dada yetu huko Naitiri, katika kaunti ya Bungoma, kwa kuwa jambo hilo lilitatuliwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe tunayo kamili.

Dada yetu aliolewa Naitiri zaidi ya miaka 20 iliyopita. Ni nchi ya baridi na mahindi, na mji wanaouendea kwa haja kubwa ni Kitale. Mumewe alipofariki alimwacha na mtoto wa kiume, ambaye sasa ana miaka 19, na binti wa miaka 11. Wazazi wa marehemu walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo shamba likawa la warithi watatu. Ukiligawa mafungu 24, mama ana thumuni, yaani mafungu 3, mwana ana 14 na binti ana 7. Msimu uliopita, baada ya kutoa zaka na kulipa mbolea, trekta na vibarua, yalibaki magunia 48. Mama akapata 6, mwana 28, binti 14.

Tumeanza na mgawanyo huu kwa sebabu. Orodha ya kwanza aliyoileta kijana ilifika shilingi 118,000, na gunia la kilo 90 lilikuwa likiuzwa shilingi 3,500. Orodha ile ilitaka magunia zaidi ya 33, naye ana 28. Alipoulizwa yaliyopungua yatoke wapi, alijibu kwamba atayakopa kwa mdogo wake.

“Nitamlipa msimu ujao, mama.”

“Msimu ujao ni wa Mungu,” dada yetu akamjibu. “Mahindi ya mwenzako yako ghalani leo, na hayatoki.”

Hapo tulitakiwa tuseme neno, tukasema lililo wazi. Kijana ni baleghe, fungu lake ni mali yake, na mama ana haki ya kumshauri. Binti ni yatima mdogo. Mali yake haikopeshwi kwa starehe ya mwingine, hata kama huyo mwingine ni ndugu yake wa tumbo moja na nia yake ni njema. Kulikuwa pia na duka lililokuwa tayari kumuuzia kwa malipo ya miezi 12, kwa sharti kwamba kila mwezi atakaochelewa deni litaongezeka. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyokatwa tangu mwanzo wanavyuoni wengi wameruhusu. Deni linalokua kwa kuchelewa ni riba, nayo haina mjadala.

Basi wakapatana hivi: kijana auze nusu ya fungu lake, magunia 14, apate shilingi 49,000. Aongeze shilingi 8,500 alizoweka kwa kupakia mahindi kwenye malori. Jumla ni 57,500, pamoja na nauli. Magunia 14 yaliyobaki ni ya chakula na ya mwanzo wa masomo yake ya chuo.

Dada yetu akaongeza sharti jingine. Kila kitu kitakachoandikwa kwenye orodha, kijana aeleze kwa Kiswahili chepesi kazi yake ni nini, na kikikosekana kutatokea nini. Jioni tatu waliketi mezani na kalamu, nasi tukiwasikiliza. Jioni ya kwanza vilikatwa kasha la kioo, taa za rangi, kiti cha kuchezea na kipoza maji, kwa kuwa kila kimoja kilipoulizwa “kikikosekana mashine itawaka?” jibu lilikuwa “itawaka.”

Tuyaeleze yaliyobaki kama tulivyoyaelewa. Prosesa ndiyo akili ya kompyuta, ifanyayo hesabu. RAM ni meza ya kufanyia kazi, na meza ikiwa ndogo kazi hukwama. Diski ya SSD ni ghala. Kadi ya picha huchora kila kionekanacho kwenye skrini mara nyingi kwa sekunde, na katika kompyuta ya michezo ndiyo hula fedha nyingi zaidi. Madabodi ni ubao unaoviunganisha vyote. Pawasaplai ni kisanduku kipokeacho umeme wa ukutani na kuvigawia wengine. Hakionekani wala hakisifiwi, na ndicho vijana wengi hukinunua cha bei rahisi kabisa. Dada yetu alilielewa hilo upesi, kwa kuwa jirani yao ana mashine ya posho. Ukifunga jiwe kubwa la kusagia kwenye mota ndogo, mota ndiyo huungua.

Swali la pili la mama lilikuwa la maana kuliko alivyodhani: “Kwani wataka kucheza gemu gani?” Mwana akataja mbili. Moja ni ya mpira, ile iliyojulikana kwa jina la FIFA hadi 2023 ilipobadilishwa kuwa EA Sports FC. Ya pili ni Fortnite, ambayo huchezwa bure. Watengenezaji wa gemu huandika mahitaji ya chini na mahitaji yanayofaa kwa kila gemu, na mzazi yeyote aweza kuomba asomewe. Kadi iliyokuwa kwenye orodha ya kwanza ilipita mbali mahitaji ya hizo mbili. Kijana alikuwa akinunua uwezo wa gemu ambazo hakuwa na nia ya kuzicheza.

Kwa shilingi 57,500 hakuna njia ya kununua kila kipande kipya. Njia itumiwayo na vijana wengi wa Kenya ni kuchukua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, iletwayo kutoka ng’ambo, kisha kuipa kadi ya picha. Dell OptiPlex na HP EliteDesk ni miongoni mwa zinazopatikana kwa wingi. Kompyuta hizi ni imara, ila zina mambo matatu ya kutazamwa.

La kwanza ni umri wa prosesa. Ukiona imeandikwa i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: hicho ni cha sita. Ukiona i5-8500, ni cha nane, na ile ya sita ina viini vinne ilhali ya nane ina sita. Kuanzia kizazi cha kumi, kizazi huandikwa kwa tarakimu mbili. Jambo hili lina uzito kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ofisi nyingi zinaziondoa mashine za zamani, nazo hufika madukani kwa bei ya kuvutia. Kijana alitamani ya kizazi cha sita ili abakishe fedha. Mama akachagua ya nane, akisema hanunui ng’ombe aliyekwisha kung’oka meno.

La pili ni umbo. Kuna ndogo kabisa, ukubwa wa kitabu, ambazo hazina nafasi ya kadi. Kuna nyembamba, ambazo hukubali kadi fupi tu. Kuna za umbo la mnara, na hizo ndizo zifaazo.

La tatu ni umeme wa ndani. Pawasaplai za mashine hizi mara nyingi hazifiki wati 300, na mara nyingi huwa na viungio vya kampuni yenyewe, hivyo kuibadilisha ni taabu. Lakini tundu la kadi kwenye madabodi laweza kutoa hadi wati 75 peke yake. Kwa hiyo hutafutwa kadi isiyozidi wati hizo na isiyotaka waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya 2016 ni mojawapo, na GTX 1650 ya 2019 ni nyingine, ijapokuwa baadhi ya 1650 zina tundu la waya na hizo ziachwe. Ya kwanza ni rahisi zaidi, ila Nvidia ilikwisha tangaza kwamba baada ya Oktoba 2025 kizazi kile hakitapata tena maboresho ya gemu mpya. Wakaandika 1650.

Tulikuwa na safari ya kurudi Mombasa, tukapita na kijana Nairobi, katikati ya jiji, kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue. Katika duka moja tulionyeshwa kadi iliyobandikwa jina lile lile tulilolitaka, kwa nusu ya bei ya kwingineko. Kijana akaomba ichomekwe na ikaguliwe kwa programu ya bure iitwayo GPU-Z. Ikaonekana kwamba ndani ni kadi ya zamani sana iliyobadilishwa maandishi tu. Muuzaji alisema hata yeye aliuziwa hivyo, akairudisha kabatini ilipokuwa. Kuna na kadi zilizofanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, hasa kabla ya Ethereum kubadili utaratibu wake Septemba 2022. Hizo ni za kweli, ila zimechoka, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Katika vitabu vya fiqhi kuna mlango wa khiyari, na twaona umewekwa kwa siku kama ile. Muuzaji hana budi kuibainisha aibu ya bidhaa aijuayo. Mnunuzi naye, akigundua aibu ya tangu kabla ya mauzo ambayo hakuonyeshwa, ana haki ya kurudisha. Dhamana ya duka iliyoandikwa kwenye risiti ni mtoto wa mlango huo. Tuliiomba iandikwe kwa tarehe na kwa nambari ya kifaa, na tuliketi dukani hadi gemu ikachezwa kwa nusu saa mbele yetu kabla ya kulipa.

Haya ndiyo matumizi, kama yalivyo kwenye risiti. Kompyuta ya mnara ya kizazi cha nane, yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, shilingi 24,000. Kadi ya GTX 1650 iliyotumika, 14,000. RAM nyingine ya GB 8, shilingi 4,500. Bei ya RAM ilikuwa imepanda, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili unde, lakini vipande viwili vifanyavyo kazi pamoja huenda kasi kuliko kimoja. Skrini iliyotumika ya inchi 22, shilingi 4,500. Kibodi na kipanya, 1,500. UPS, 6,500. Jumla 55,000, na nauli ya kijana kwenda na kurudi 2,500. SSD ile itatosha gemu mbili kubwa kwa wakati mmoja, akitaka ya tatu afute moja.

UPS ilitaka kukatwa, maana kijana alisema haiongezi kasi hata chembe. Mama alikataa katakata. Katika nchi ile radi za alasiri hazina msimu wa kupumzika, umeme hukatika ukarudi kwa kishindo, na aliyekwisha kuunguza televisheni hahitaji kushawishiwa. Hata hivyo UPS si ngao ya radi. Mbingu ikianza kunguruma, waya huchomolewa ukutani.

Kuhusu tokeni, nayo walipiga hesabu. Mashine hii pamoja na skrini, ikichezwa gemu, hutumia wati kama 150 hadi 200. Saa mbili kila siku ni yuniti 9 hadi 12 kwa mwezi. Kijana huzilipia mwenyewe. Kompyuta iko sebuleni, skrini ikitazama mlango, na ratiba imebandikwa ukutani. Binti ana saa yake moja kila alasiri, si kwa hisani ya kaka, bali kwa kuwa yumo katika nyumba. Ameanza kujifunza kupiga chapa. Nne katika zile gunia zake 14 zilinunua sare na vitabu vyake, na kumi zingali ghalani tulipozungumza na mama yake wiki iliyopita.

Kwa mama aliyetuuliza, basi, twasema hivi. Huna haja ya kuwa fundi. Anza kwa kujua mali ni ya nani na kiasi gani chaweza kutoka bila kumdhulumu aliye kimya. Muulize mwanao kazi ya kila kitu, na usione haya kuuliza mara ya pili. Weka fungu la kulinda kabla ya fungu la kupendezesha. Usilipe kabla ya kuona kikifanya kazi, wala usiondoke bila risiti yenye tarehe. Mwanao akikasirika kwa kuulizwa, subiri hadi aweze kujibu. Hakuna duka litakalofungwa kwa ajili hiyo.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika vidogo tulivyo navyo, na awahifadhi mayatima wetu na mali zao. Amin.