Safu ya Rangi Nyekundu

Msomaji wangu, wewe unayejifunza Kiswahili ukiwa Gulu, Kigali, Bujumbura au mbali zaidi, sharti nianze kwa kukiri jambo ambalo wanafunzi wangu walikwisha kulijua zamani: napenda mitambo kupita kiasi. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa niliifungua redio ya bibi yangu kwa kisu cha jikoni ili nimwone mtu aliyekuwa akisoma taarifa ya habari. Sikumwona. Bibi naye hakuisikia tena taarifa ya habari kwa miezi miwili, hadi alipopata pesa za kumlipa fundi wa mjini Tororo aliyeviunganisha upya vile vipande nilivyomletea ndani ya kopo la maziwa.

Adhabu niliyoipata haikuniponya. Leo, katika droo ya meza yangu, mna simu saba, na kati ya hizo ni mbili tu zinazofanya kazi. Ya zamani kuliko zote ni Nokia yenye tochi, niliyoinunua kwa pesa za kufyatua matofali wakati wa likizo. Juu ya paa la nyumba yangu kuna paneli ndogo ya jua ambayo majirani huitumia kuliko mimi. Umeme ukikatika jioni, huja na simu zao na nyaya zao, wakakaa wakizungumza hadi chaji ijae, na mimi hupata habari zote za mtaa bila kutoka nje.

Hata mapenzi yangu kwa lugha yamechanganyika na mapenzi haya. Hufurahi sana ninapomfundisha mtu neno kipakatalishi, kisha nikamwonyesha kitenzi kilichomo ndani yake: kupakata, yaani kuweka mapajani, kama mama ampakatavyo mtoto. Wanafunzi hucheka, kwa kuwa mtaani kila mtu husema kompyuta na mambo yakaenda. Wacheke tu. Mwaka ujao watakuwa bado wanalikumbuka neno hilo, ilhali orodha ya ngeli watakuwa wamekwisha kuisahau.

Nimeyataja haya ili ujue jinsi nilivyojiona shuleni. Nilitoka chuoni na stashahada yangu ya ualimu, nikapangiwa kufundisha Kiswahili, lakini baada ya mwaka mmoja nilikuwa ndiye anayeitwa kila mashine ya kuchapishia ilipokwama. Walimu wakongwe walinikabidhi simu zao wakisema, "Hebu mwalimu, itazame hii." Nami nilizitazama kwa madaha, kama daktari. Wazee wetu walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nililifundisha fumbo hilo mara nyingi sana bila kuuliza mgema ni nani.

Unakumbuka kwamba shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ingawa baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi kwa vipindi, milango haikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Tuliporudi tulikuta kwamba nusu ya namba za wazazi tulizokuwa nazo hazipatikani tena. Nikajitolea kuzikusanya upya. Wazazi walinipa namba zao kwa hiari, kwa kuwa niliwaambia ukweli: mtoto akiugua bwenini, tunataka kujua tumpigie nani. Wanafunzi wetu wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu.

Laiti ningeishia hapo. Lakini jedwali tupu la kompyuta humvuta mtu kama mimi kuliongezea safu. Jina la mwanafunzi, kidato, jina la mzazi, namba ya simu. Kisha mhasibu aliponiletea daftari lake nikaongeza safu ya tano, ya karo iliyobaki. Nikaifundisha kompyuta ipake rangi yenyewe: kijani kwa aliyemaliza kulipa, njano kwa aliyekaribia, nyekundu kwa aliyebakiza zaidi ya nusu. Ilipendeza mno. Mwishoni mwa Februari nilituma jedwali zima katika kundi la WhatsApp la wazazi, lenye watu zaidi ya mia, nikiwaomba kila mmoja ahakikishe kwamba namba yake imeandikwa sawasawa. Wengi walinijibu kwa alama za kupiga makofi. Hakuna aliyelalamika, nami nikalala usingizi mnono.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa katika kidato cha pili tukifanya upatanisho wa kisarufi. Simu yangu, mimi nisiyetengana na simu, nilikuwa nimeiacha ofisini ikichaji. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, akaingia mama mmoja ninayemfahamu, muuza dagaa katika soko la mji, vumbi limemfunika hadi kwenye nyusi kwa safari ya bodaboda. Hakunisalimu.

"Mwalimu, mwanangu amelazwa wapi?"

"Mama, hajalazwa. Yuko pale, karibu na dirisha."

Alimtazama binti yake kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu. Kisha akaketi sakafuni, mbele ya wanafunzi arobaini na kitu, akaanza kulia.

Asubuhi ile alikuwa amepigiwa simu na mwanamume aliyejitambulisha kuwa muuguzi. Alimwambia kwamba binti yake ameanguka shuleni, anahitaji kupasuliwa upesi, na kwamba shule imekataa kutoa pesa kwa kuwa mama ana deni la karo. Alimtajia jina la mtoto, kidato chake, na deni lenyewe hadi shilingi ya mwisho. Yule mama alinipigia mara tano, simu ikaita ofisini pasipo mtu. Ndipo akatuma shilingi 180,000, mtaji wake wote wa dagaa, kwa namba aliyopewa. Tulipokwenda kwa wakala na kisha polisi, pesa zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Msomaji wangu, wenzangu wote ofisini walishangaa: tapeli yule aliyajuaje mambo mengi namna ile? Mimi sikushangaa. Jina, kidato, namba, deni. Alikuwa amezisoma safu zangu moja baada ya nyingine kwa utaratibu uleule niliozipanga. Nani alilipeleka jedwali lile nje ya kundi, sijui hadi leo, na huenda hakuwa na nia mbaya. Nililitafuta ili nilifute, lakini muda wa kulifuta kwa wote ulikuwa umepita zamani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilinyamaza kwa siku kumi na moja. Naona haya kuiandika namba hiyo, lakini ndiyo. Nilijiambia kwamba mwizi ni mwizi, kwamba mimi sikuiba kitu, kwamba mkuu wa shule ndiye aliyetaka wazazi wakumbushwe karo. Kila hoja ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ukweli kidogo ndio unaomsaidia mtu kunyamaza. Jumamosi ya pili nilikwenda sokoni, nikamkuta na kikapu kimoja tu cha dagaa mahali ambapo zamani alikuwa na vinne. Nikamweleza yote.

Nilitarajia aniulize habari za pesa. Hakuniuliza.

"Kwa hiyo watu wote waliliona deni langu?" alisema. "Mwezi huu wote yule tajiri anayenipa dagaa kwa mkopo amekataa kunikopesha. Nikamwuliza nimemkosea nini. Akasema, mama, wewe hata karo ya mtoto imekushinda, mimi utanilipa nini? Nikajua ni mtoto aliyesema, kwa maana wanawe wanasoma naye. Siku ya kuwatembelea nikamgombeza sana kwamba anatangaza mambo ya nyumbani kwetu. Alikana, akalia. Sikumwamini." Akanyamaza, akapanga upya dagaa waliokuwa wamepangwa tayari. "Utamwambia wewe, mwalimu, au nimwambie mimi?"

Pale ndipo nilipoanza kuelewa nilichofanya. Tapeli alikuja baadaye sana. Kabla yake, jedwali langu lilikuwa limekwisha kumnyima mama yule mkopo na kumfarakanisha na mwanawe, na hayo yalitendwa na watu wema, wazazi wenzake, waliopewa habari ambayo haikuwahusu. Tajiri yule wa dagaa hakuvunja sheria yoyote. Alisoma tu.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa kuwa kuna maneno mawili ambayo wanaojifunza lugha huyachanganya, na mimi mwenyewe, mwalimu wake, niliyachanganya katika maisha. Siri ni jambo ambalo hutaki lijulikane. Faragha ni nafasi ambayo ni yako, hata kama yaliyomo yanajulikana. Mtu anapofunga mlango wa bafu hana siri yoyote. Nyumba nzima inajua anachofanya mle ndani. Lakini ukiufungua mlango huo umemdhulumu. Ndiyo maana maneno ninayoyasikia kila siku, kwamba asiye na baya hana cha kuficha, hayanishawishi tena. Yule mama hakuwa na baya. Alikuwa na deni la karo, kama nusu ya wazazi wetu baada ya miaka miwili ya korona.

Baadaye niliisoma sheria, nami nakiri kwamba niliisoma nikiwa nimekwisha kukosea. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Nilikuwa nimeisoma ibara ile tangu chuoni, nikidhani inawahusu polisi wanaopekua nyumba usiku. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo inamtaka mkusanyaji wa taarifa azitumie kwa shabaha ileile aliyozikusanyia, na inaweka masharti ya pekee kwa taarifa za watoto. Mimi nilipewa namba kwa ajili ya mtoto mgonjwa, nikazitumia kudai karo. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hii mwaka huohuo wa 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Ukiwa katika mojawapo ya nchi hizo, itafute uisome. Lugha yake ni ngumu kuliko inavyostahili, lakini kamusi unayo.

Jumatatu iliyofuata nilimwita yule binti chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakanipotea yote. Nikamwambia kwamba mama yake alimgombeza kwa kosa langu, na kwamba nilikwisha kumwambia mama hivyo. Alichora kitu ardhini kwa kidole cha mguu. "Nilisema si mimi," akajibu, kisha akaomba ruhusa arudi darasani.

Pesa za mama nilizirudisha kwa awamu tatu. Hakuzikataa wala hakunishukuru, na ilikuwa haki yake.

Usidhani kwamba nilizitupa simu zangu ziwani. Ningali yule yule. Juzi nimenunua betri ya jua kubwa zaidi na majirani wameisherehekea kuliko mimi. Lakini namba za wazazi sasa zimo katika daftari, daftari limo kabatini, na kabati lina ufunguo. Habari za karo humfikia kila mzazi peke yake. Kazi hiyo hunichukua jioni mbili na muda wa maongezi usio haba, na mwenzangu mmoja hunicheka kwamba nimerudi enzi za bibi yangu. Katika kundi la wazazi tunaandika tarehe za mikutano, basi. Kuna waliokasirika. Baba mmoja aliniambia wazi kwamba rangi nyekundu ilikuwa ikiwafanya watu walipe, na hakukosea: makusanyo ya Machi ile yalikuwa makubwa kuliko ya muhula uliofuata. Sina jibu la kumridhisha.

Jambo moja zaidi tulilolifanya ni hili. Nilimwomba kila mwanafunzi wa bweni akubaliane na watu wa nyumbani kwao juu ya swali moja, ambalo mpigaji yeyote mwenye habari za ugonjwa au ajali sharti alijibu kabla ya kusikilizwa. Jibu lisiandikwe popote, wala asiambiwe mtu. Yule binti na mama yake walichagua jina la mbwa wao.

Muhula wa tatu binti alishikwa na malaria. Haikuwa kali, alikuwa amepewa dawa na amelala katika chumba cha wagonjwa. Simu yangu ilikuwa imejiunga na zile tano za drooni, hivyo nilimpigia mama kwa laini mpya. Nikamwambia mimi ni fulani, binti ana homa, anaendelea vizuri, hapana haja ya pesa.

"Mbwa wetu anaitwaje?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kwamba ni mimi, mwalimu, yule yule aliyeanzisha utaratibu huu wa maswali. Simu ikakatwa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Nikaenda chumba cha wagonjwa nikamwuliza binti jina la mbwa. Alicheka ingawa midomo yake ilikuwa imekauka kwa homa.

"Mwalimu, ulisema tusimwambie mtu."

Nikatoka nje ya lango, nikaita bodaboda, nikaenda sokoni.