Dogo wa Kayanga, Superman wa Migombani na Tisheti 40

Kuna dogo mmoja pale Kayanga, Karagwe. Jina libaki pembeni, mwenyewe hataki kiki. Mchana yuko shambani kwenye kahawa ya familia, usiku anachora katuni kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Siku moja akatupia mtandaoni klipu ya dakika moja. Superman anashuka Omurushaka kifua mbele, kapa inapepea, anauliza: "Adui yuko wapi nimpige?" Bibi mmoja aliyekaa na ndizi zake anampandisha na kumshusha. "Waitu, mbona umevaa chupi juu ya suruali?" Jamaa anajikaza, anauliza tena adui yuko wapi. Bibi anamjibu: "Adui ni bei ya kahawa. Haya, ipige." Superman anarusha ngumi hewani, wapi! Mwisho anabebeshwa mkungu wa ndizi kupeleka gulioni, tena bila kulipwa.

Aisee, watu walicheka. Klipu ikatembea Bukoba, Mwanza, mpaka Mbarara ng'ambo ya Murongo.

Shida ilianza pale watu walipoanza kuulizia tisheti. Dogo hakuwa na muda wa kuchora upya. Akachukua picha ya Superman iliyo tayari mtandaoni, yenye nembo na kila kitu, chini yake akaandika "Wa Migombani". Rafiki yake wa Nkwenda, kule Kyerwa, akamchapia 40 kwa mkopo. Zikauzwa 23.

Asubuhi moja anafungua simu, anakuta tangazo: madai ya hakimiliki, akaunti imefungiwa kwa muda. Picha za tisheti zimeondolewa, na klipu nayo imeondolewa. Mezani kuna tisheti 17 na deni la Nkwenda.

Akampigia binamu yake anayesoma sheria Dar.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Tulia kwanza. Kwenye klipu unamcheka nani?"

"Superman."

"Na kwenye tisheti unamcheka nani?"

Dogo kimya.

"Basi jibu unalo."

Binamu akampa mfano anaouelewa. Shabiki wa Simba anaweza kuwatania Yanga mchana kutwa, akawaigiza wanavyotembea na wanavyolia wakifungwa. Huo ni utani, na ili utani unoge lazima ajulikane anayetaniwa. Lakini shabiki huyohuyo akichapa jezi ya Yanga na kuimwaga sokoni, hapo hakuna utani tena. Hiyo ni jezi feki, hata akiandika neno la kuchekesha mgongoni.

Dogo akajitetea: "Lakini dada, niliandika kabisa kwamba picha siyo yangu." Akajibiwa kwamba kukiri mbuzi si wako hakukupi ruhusa ya kumchinja.

Halafu ikaja sehemu chungu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu vitu kadhaa bila kuomba ruhusa, kama matumizi binafsi, kunukuu kwa kutaja chanzo, na mifano ya kufundishia. Utani haukutajwa kwa jina. Tena Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo mchoro wa Marekani unalindwa hata Kayanga. Klipu inaweza kutetewa, lakini hakuna mlango ulioandikwa "utani pitia hapa".

Wenzetu Marekani wamegombana sana kwenye hili. Wachapishaji wa Superman waliwashtaki Fawcett kwamba shujaa wao, Captain Marvel, ni Superman wa kuiga. Kesi ikaisha 1953, Fawcett wakalipa na kuacha kumchapa. Mwaka huohuo jarida la MAD likatoa "Superduperman", likimkejeli Superman pamoja na ugomvi wenyewe, na kichekesho hicho kinasomwa mpaka leo. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya huko, kwenye kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew, ikasema kwamba kuuza peke yake hakugeuzi utani kuwa wizi. Kinachopimwa ni mambo mengi: umemsema yule unayemwiga au umembeba tu? Umechukua kiasi gani? Unamharibia soko lake?

Klipu ya dogo ilikuwa na la kusema: shujaa anayejua kupiga ngumi tu hana msaada kwa mkulima wa kahawa. Tisheti haikusema chochote. Ilibebwa na jina la mtu mwingine.

Klipu ameikatia rufaa, majibu bado. Tisheti 17 hakuziuza. Alikwenda Nkwenda kwa bodaboda, akamweleza rafiki yake ukweli, wakakubaliana deni lilipwe msimu wa kahawa. Rafiki alinuna, lakini alikubali.

Kisha akarudi kwenye simu yake iliyopasuka akachora shujaa mwingine. Safari hii ni yule bibi mwenyewe, na kapa yake ni ya rubugo, ile nguo ya magome ya mti. Binamu akamwambia kazi yake inalindwa tangu alipomaliza kuichora, ila aisajili COSOTA apate ushahidi siku ya ugomvi. Dogo akasema atafanya. Hakufanya.

Mwezi haujaisha akatumiwa picha kutoka duka moja la Kyerwa. Bibi wake, na rubugo yake, yuko kwenye mabegi ya shule. Hakuna aliyemuuliza.

Dogo aliandika tusi refu. Akalisoma, akakumbuka tisheti zake 40, akalifuta. Akaandika upya:

"Kaka, huyo bibi ni wangu. Tuongee."

Wewe ungekuwa dogo, ungeandikaje?