Mbeya na Iringa na mama mkwe: hoteli niliyoikosea



Tangu niweke zile picha za magauni na milima, simu haipumziki. Wote mnauliza swali moja: Mbeya ulifikia wapi? Nitakuelezeni, lakini jina la hoteli ya kwanza sitolitaja. Kosa lilikuwa langu pia.

Wanaonijua wanajua kuwa mimi nashona nguo za harusi hapa Unguja, tangu nilipomaliza kidato cha nne na kozi ya ushoni. Mwezi wa saba nilipata kazi ya Mbeya: gauni la bi harusi, magauni sita ya wasimamizi, na juu yake furushi la mabaibui na mitandio la kupelekea wenye maduka wawili wa Mwanjelwa. Wakati wa kurudi nilipanga nishuke Iringa ninunue vikapu vya milulu, vile wanavyovipenda maharusi siku hizi kupangia zawadi badala ya sinia. Nikasema nitie na siku mbili za matembezi. Miaka kumi na moja ya ndoa, safari zangu zote ni za kwenda kununua vitambaa Kariakoo na kurudi na boti ya jioni.

Mume wangu hakukataa. Alisema tu, "Nenda na Mama." Yeye kazini hakupata ruhusa. (Suala la mahram lina maelezo yake, kila mmoja amuulize sheikh wake. Sisi nyumbani tulikubaliana hivyo.) Na lile ambalo hakulisema nililisikia vile vile: Mama akirudi na neno baya, safari zangu za bara ndio mwisho.

Sasa hoteli. Nilichagua kwa hesabu za mfanyabiashara. Iwe karibu na Mwanjelwa nisilipe bajaji kila nikibeba mzigo, bei isizidi elfu hamsini, chai ya asubuhi iwemo. Nikapata ya elfu arobaini na tano, nikatuma pesa za usiku tatu kwa simu, laki moja na thelathini na tano. Sikuuliza jengine lolote.

Tulivuka na boti, tukalala Dar kwa ndugu, alfajiri tukapanda basi Stendi ya Magufuli kule Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya. Mwenye haraka na uwezo kuna ndege mpaka Songwe, lakini atakosa Mikumi, maana barabara inakata katikati ya hifadhi. Mama aliona tembo dirishani, akanishika mkono mpaka nikaumia. Kwenye mlima Kitonga alifumba macho akasoma dua mpaka basi lilipofika juu.

Tulifika usiku. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba si ya kusimuliwa. Mama alishuka na kanga mbili juu ya baibui na bado anatetemeka. Kufika hotelini, chini ni baa. Muziki ulipigwa mpaka saa nane. Kwenye simu waliniambia "kuna sehemu ya vinywaji", na mimi nikafikiria soda!

Gauni la bi harusi lina mkia wa mita mbili, halitaki kukunjwa. Chumba hakina kabati wala msumari, nikalitundika kwenye bomba la pazia. Saa kumi usiku bomba likaanguka na gauni lake. Alhamdulillah halikuchanika. Alfajiri nikafungua maji ya moto, hakuna. Asubuhi mhudumu akasema mashine huwashwa saa moja. Saa moja sala imeshapita! Mama alitia udhu kwa maji yale yale ya baridi, hakusema kitu. Nilisikia meno yake tu.

Siku ile saa nne bi harusi alikuwa aje kujaribu gauni. Nikangoja. Shangazi yake akanipigia simu. "Dada, sisi tuko nje, tena ng'ambo ya barabara. Hapo hatuingii." Nikatoka kwenda kuwauliza kulikoni. Akanijibu taratibu, kwa adabu kabisa, "Mtoto anaolewa Jumamosi. Aonekane mchana kweupe anaingia kwenye gesti yenye baa?"

Niliona haya mpaka miguu ikawa mizito. Kazi yangu ni maharusi, na mahali nilipopachagua kwa ajili ya kazi, bi harusi hawezi kuingia. Tukapanda bajaji na gauni limelala mapajani petu kama mgonjwa, tukaenda kujaribia kwao. Ile nauli niliyotaka kuiokoa ilinitoka siku ya kwanza tu.

Jioni nilirudi chumbani na chipsi na kuku kutoka jikoni kwao pale hotelini. Mama akasema, "Sina njaa, mwanangu, kula wewe." Jana usiku alisema hivyo hivyo, na asubuhi pia alikunywa chai tupu. Nilikuwa nakusanya takataka, nikaona kwenye mfuko wake maganda ya ndizi na kokwa za tende. Mama alikuwa hajala chakula tangu tufike.

Nikamuuliza. Akasema jana aliposhuka kuomba maji aliona nyama inakaangwa, akamuuliza mpishi nyama gani. Mpishi, Mungu amjaalie, ni mtu mkweli. Alimwambia, "Ni kitimoto, mama. Na nisikudanganye, kuku naye anaingia karai hilo hilo." Asiyejua, kitimoto ni nguruwe, na kule nyanda za juu inapendwa sana.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Wewe umekuja kutafuta riziki. Mimi nimekuja kukusindikiza."

Zile chipsi mimi nilikuwa nimeshatia mbili mdomoni. Nilizitema. Kisha nikakaa kitandani nikalia, na Mama akaniacha nilie, akaendelea na tasbihi yake.

Tulihama usiku ule ule. Pesa za usiku mbili, elfu tisini, hawakurudisha, na elfu tisini ndiyo karibu faida yangu yote ya yale magauni ya wasimamizi. Aliyetuonesha pengine ni yule yule shangazi, nyumba ya wageni mtaa wa Forest, bei ileile kasoro elfu tano, mbali na soko lakini kimya. Mwenyewe ni mama wa Kinyakyusa, Mkristo, na hili nataka mlisikie vizuri, maana wengine tunadhani lazima tupate mwenye nyumba Muislamu. Nilimweleza tatizo letu mlangoni. Akatoa sufuria mpya ndani ya boksi lake, akatuonesha jiko la mkaa uani. Mama alipika wali na maharage, wakala wote wawili, nami nikapiga pasi mezani.

Asubuhi Mama aliuliza kibla. Kwetu Unguja ni kaskazini, hatuna mashaka. Mbeya pia ni kaskazini, unaelekea kidogo mashariki, na mlima Loleza uko upande huo huo wa mji, basi yeye akiutazama mlima anajua. Na kalenda yake ya sala ya Unguja nilimwambia aifunge mkobani. Jua la Mbeya huchelewa kuliko letu kwa zaidi ya dakika ishirini. Ukifuata kalenda ya nyumbani utasali Alfajiri kabla ya wakati wake, na Magharibi jua bado lipo.

Kazi ilimalizika Alkhamisi. Bi harusi alikuja Forest mwenyewe na dada zake, tukafunga pazia, nikapunguza kiuno sentimita mbili kwa mwanga wa dirisha. Wenye maduka walilipa, mmoja nusu. Ijumaa tulikodi gari mpaka Rungwe, kwenye chai na migomba, tukaona Daraja la Mungu, jiwe lililojipinda lenyewe juu ya mto Kiwira. Ziwa Ngozi tuliliacha, kule ni kupanda kwa miguu na magoti ya Mama hayataki.

Iringa sasa nilipiga simu kabla, na niliuliza kama polisi. Chini kuna baa au hakuna? Msiniambie vinywaji, semeni pombe. Jikoni mnapika kitimoto? Maji ya moto yapo saa kumi na moja alfajiri? Mgeni wa kike akija kujaribu nguo anapanda chumbani, au kuna sebule? Kuna pa kutundika gauni refu? Ngazi ngapi? Na niliuliza "mahali pa kulala", kwa sababu ukisema hoteli tu, wengine watakuelekeza kwenye wali na nyama. Wawili walinikatia simu. Wa tatu alicheka, akajibu yote. Maharusi mnaotaka kwenda fungate huko, msione haya kuuliza haya mambo, au mkabidhini bwana harusi aulize.

Vikapu nilipata, vizuri, vya kusokotwa kwa mkono, na bei si ya kuumiza. Tulipita na Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003. Kwenye mkahawa wao wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka kwenye karatasi. Mama hakuandika, aliongea nao kwa mikono, na sijui vipi walielewana. Kisha Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa. Pale lipo fuvu lake, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Mama alisimama mbele ya kile kioo kimya muda mrefu. Nje akaniuliza, "Miaka yote hiyo, watoto wake walikuwa wanalia kwenye kaburi gani?" Sikuwa na jibu.

Tulirudi nyumbani Jumatatu usiku. Mume wangu alimpokea Mama mkoba, akamuuliza safari ilikuwaje. Mimi nilikuwa naweka vikapu chini, nikajifanya nahesabu.

"Mbeya baridi," Mama akasema. "Siku ya kwanza tulilala pabaya, mkeo akapahama usiku ule ule. Nipeni chai."

Hakuongeza neno. Safari ya pili ni baada ya Maulidi, inshaAllah, mzigo wa mitandio wa yule aliyelipa nusu. Jana nimemkuta Mama kwa muuza mitumba wa Darajani, anachagua soksi za sufi.