Ubishi wa Kutunza

Huku kwetu Ituri gari la zamani lililo zima ni kitu cha kushangaza, na usidhani kuwa ni kutu iliyoyamaliza magari. Kutu ina subira. Kati ya 1999 na 2003, wakati wa vita, gari lolote lililoweza kuwaka lilikuwa mali ya mwenye bunduki. Lilibeba wapiganaji, likabeba mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba za watu, likabeba mbuzi wa wizi, mpaka injini ikafa njiani na gari likaachwa lichunwe. Ndiyo maana nilipoanza kuulizia Bunia kama kuna mtu mwenye Land Rover ya zamani ambayo haijachezewa, mafundi walicheka. Walinionyesha kadhaa, na kwa jina zilikuwa Land Rover kweli. Moja ilikuwa na injini ya Toyota. Nyingine usukani wake ulikuwa umehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, na alama za kulehemu zilionekana waziwazi. Ya tatu ilikuwa na mlango wa bati la paa. Siwalaumu hata kidogo. Kazi ya fundi wa Bunia ni gari litembee leo, kwa sababu mwenye gari ana mzigo wa samaki unaomsubiri Kasenyi.

Habari ya Aveba nilipewa na motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyesikia mazungumzo yetu pale garajini. "Kule Aveba iko papa moja, iko na motuka ya wakati ya Mobutu," alisema. "Lakini hauzi. Na ile, hakuna mutu anaguza."

Njia ya Aveba hushuka kusini kutoka Bunia, ikipita Bogoro na Gety. Wasomaji wa mbali huenda wanayajua majina haya kutokana na kesi ya kamanda wa wapiganaji, Germain Katanga, huko The Hague. Aveba ndiko alikokuwa na makao yake, na Bogoro ndiko kulikoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mwaka 2014 kifungo cha miaka 12. Machi 2017 ikatoka amri ya fidia: watu 297 walitambuliwa kuwa waathirika, na kila mmoja alipangiwa dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Jambo lililonikaa moyoni si kiasi hicho. Ni kwamba watu wale walitakiwa kueleza walichokuwa nacho, nyumba, ng'ombe, vyombo, ilhali karatasi zote ambazo zingethibitisha zilikuwa zimeungua pamoja na vitu vyenyewe. Majaji wenyewe walilazimika kulizingatia hilo. Nilipita Bogoro nikiliwaza, na wakati huo sikujua kwamba lingehusiana na gari.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo. Aina hiyo ilianza kutengenezwa 1971, mwaka uleule Kongo ilipobadilishwa jina ikawa Zaïre. Baba yake yule mzee aliinunua kwa pesa za kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Paraná huko Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mpaka 1977 kwa kiwango ambacho wakulima wa hapa hawakuwahi kukiona. Wengine walioa mke wa pili, wengine walijenga. Baba huyu alinunua gari. Baadaye ukaja ugonjwa wa mnyauko, ukaua mikahawa mingi ya upande huu wa Kongo. Shamba halipo tena. Kilichobaki cha kahawa ile ni magurudumu manne.

Na carte rose yake, yaani kadi ya gari. Juu kabisa imeandikwa Région du Haut-Zaïre. Haut-Zaïre ikawa Province Orientale 1997, na 2015 Ituri ikawa jimbo linalojitegemea. Gari halikuhama Aveba, lakini limekaa katika majimbo matatu.

Nilianza kuikagua kama nilivyofundishwa na wanaojua. Rangi sikuiangalia kwanza, maana rangi hudanganya. Niliangalia vichwa vya skrubu. Gari lililofunguliwa na mafundi wengi huwa na skrubu zilizochunika, kila mtu alipita na bisibisi isiyomfaa. Hizi zilikuwa safi, mfereji wa kila moja bado umenyooka. Kisha namba ya shasi nikailinganisha na ile ya kwenye karatasi: ileile. Ndani, kifundo cha manjano cha kuunganisha magurudumu ya mbele na kijiti chenye kichwa chekundu cha gia nzito vilikuwepo vyote viwili. Kijani cha mlango wa dereva kimefutika mahali kiwiko hukaa, chini yake alumini inang'aa. Mzee hakutaka pale papakwe rangi. Alisema kiwiko kile ni cha baba yake kwanza, halafu chake.

Bodi ya Land Rover haipati kutu kwa sababu ni alumini. Kampuni ilipoonyesha gari lake la kwanza huko Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, lakini alumini ilipatikana. Watu wengi huishia hapo na kudhani gari hili halifi. Shasi yake ni chuma, tena yenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani bila kukuambia. Zaidi ya hapo, pale chuma kinapogusana na alumini huku maji yakiwepo, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Mzee hakusoma kemia. Aliuona unga ule, akakata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akavipaka grisi na kuviweka katikati. Kila baada ya mvua kubwa huingia chini ya gari na waya kuzibua matundu ya shasi ili tope litoke. Kazi hii haina sifa. Hakuna mgeni anayelala chini ya gari kukusifia matundu.

Ilipitaje vitani? Swali hilo nililiuliza kwa uangalifu, kwa kuwa Aveba kila mtu ana jibu lake la miaka ile na si yote husemwa. Alinijibu kwa kifupi. Wapiganaji walipoanza kuchukua magari, alitoa betri, akatoa kifuniko cha distribyuta na rota yake ndogo, akavitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia na kulifukia. Magurudumu aliyagawa kwa jamaa. Waliokuja walikuta bodi juu ya magogo, wakapiga teke, wakaondoka. Sehemu inayoenea kwenye kiganja ndiyo iliyoiokoa.

Tangu hapo wanaomjia hawana bunduki, wana ushauri. Mmoja alitaka kumwekea injini ya dizeli ya Toyota, akisema petroli ya wauzaji wa barabarani, wale tunaowaita Kadhafi, itammalizia mfuko. Hesabu yake ilikuwa sahihi, gari hili linakunywa kweli. Mwingine alitaka kulipaka rangi nyeupe lifanane na magari ya mashirika. Kijana wake mwenyewe alitaka viti vya ngozi. Mzee aliwakatalia wote, na nadhani hapa ndipo watu humwita mbishi. Mimi naona tofauti. Kila pendekezo, ukilitazama peke yake, lilikuwa jema. Yakikusanywa pamoja, gari lingekuwa kama zile nilizoonyeshwa Bunia, ambazo hakuna aliyeamua kuziharibu. Kila mtu aliboresha kidogo tu. Nimeona nyumba za ukoo zikipotea hivyo, na hata tabia za watu.

Lakini usimdhanie mzee huyu kuwa anaabudu zamani. Breki zina raba mpya. Bomba la maji la rejeta ni la Kampala. Plagi huzibadilisha zikichoka. Hapo ndipo aliponionyesha kitu ambacho nakithamini kuliko gari lenyewe: daftari la shule lililofungwa kwa nailoni, alilolianza baba yake. Kila kilichotolewa kimeandikwa, kwa Kifaransa cha baba na Kiswahili cha mwana: tarehe, sababu, kilichowekwa badala yake, aliyefanya kazi. Kipande cha zamani kimewekwa kwenye sanduku la mbao, kina kikaratasi chake. Ukitaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, unaweza. Usipotaka, angalau utajua nini ni chake na nini ni cha kuazima.

Nairobi tangu 1970 kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Magari ya zamani hupangwa kwenye nyasi, na majaji hukagua mpaka chini ya boneti. Ni shughuli nzuri na imeokoa magari mengi ya Kenya. Ila gari la Aveba lingepata alama chache pale kwenye usafi, maana kila siku ya soko hubeba mihogo, na usiku mwingine hupeleka mwanamke mwenye uchungu hospitalini. Mzee anasema likilala sana, raba za breki hukauka, petroli hugeuka gundi kwenye kabureta na panya huhamia kwenye nyaya. Nakubaliana naye. Kitu kilichofungiwa huoza kwa heshima.

Nilikuwa nimekwenda na nia ya kununua, nikasema. Aliniangalia kidogo.

"Mwana, utailaza wapi?"

Nikamwambia Bunia, ndani ya uzio.

"Na daftari, utaandika?"

Nilisema ndiyo. Akasema vema, basi nianze na lile la baba yangu mwenyewe, kama ninalo. Sina. Nyumba yetu iliporwa, na sijui hata mwaka ambao baba alinunua pikipiki yake ya kwanza. Bei hatukuijadili tena. Gari atarithi binti yake mdogo, kwa kuwa ndiye anayekubali kuingia chini yake na waya.

Najua katika Irumu, Djugu na Mahagi bado ziko Land Rover, Peugeot 404 na 504, na malori ya Mercedes yaliyosimama nyuma ya nyumba za wazee, na najua yupo anayepita na mizani kununua chuma kwa kilo. Akija kwenu, kabla hujafungua geti, tafuta kwanza carte rose na namba ya shasi, ukae na mzee angali anakumbuka, mnunue daftari, muandike: lilinunuliwa wapi, kwa pesa za nini, nini kilibadilishwa na nani. Hata mkiishia kuuza, daftari libaki nyumbani.