Sanduku la Mama: Tafakuri Kuhusu Picha za Vita na Kimya cha Nyumbani

Kila mwaka nifundishapo Utendi wa Mwana Kupona, huwakumbusha wanafunzi jambo ambalo matini yenyewe hailisimulii. Mama huyu wa Pate alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga kwa silaha Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alipoutunga utendi huo mnamo 1858, alikuwa ameishi katika nyumba iliyovijua vita. Hata hivyo, wasia aliomwachia bintiye ni wa dini, adabu na maisha ya ndoa. Mwaka mmoja mwanafunzi wa uzamili aliniuliza: "Mwalimu, je, tulichoachiwa ni wasia, au ni kifuniko cha wasia?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo lilinirudia niliposoma maisha ya Lee Miller, mwanahabari mpigapicha aliyezaliwa Poughkeepsie, katika jimbo la New York, mwaka 1907. Miller alianza kwa kupigwa picha, akiwa mwanamitindo wa jarida la Vogue. Mnamo 1929 alikwenda Paris, akajifunza upigaji picha kwa msanii Man Ray, kisha akafungua studio yake mwenyewe. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alikuwa London, naye akaupiga picha mji huo ulipokuwa ukiangushiwa mabomu. Mwishoni mwa 1942 jeshi la Marekani lilimtambua rasmi kuwa mwanahabari wa vita, akilitumikia jarida lilelile lililokuwa limeitangaza sura yake.

Agosti 1944 alitumwa Saint-Malo, Ufaransa, kwa kudhaniwa kwamba mapigano huko yamekwisha. Aliyakuta yangali yamepamba moto. Alibaki, akaandika na kupiga picha; na kwa kuwa wanahabari wa kike hawakuruhusiwa kufika mstari wa mbele, jeshi likamweka kizuizini kwa muda. Aprili 1945 aliingia katika kambi ya mateso ya Buchenwald, na baadaye Dachau, siku moja baada ya kambi hiyo kukombolewa. Baadhi ya picha zake za kambini zilichapishwa na Vogue ya Marekani mnamo Juni mwaka huo.

Baada ya vita aliolewa na msanii Roland Penrose, akamzaa mwana wao wa pekee, Antony, mwaka 1947. Waliishi Farley Farm, katika shamba la Sussex, Uingereza. Mwana huyo alikua akimjua mama mlevi, mwepesi wa hasira, aliyezama katika huzuni isiyotajwa jina, na ambaye baadaye alisifika kwa mapishi. Ya vitani hakumsimulia. Miller alifariki mwaka 1977. Ndipo mke wa Antony alipopanda darini akakuta masanduku yaliyojaa negativu, picha, barua na miswada, vyote pamoja vikiwa vitu vipatavyo 60,000.

Sisi wahakiki tumezoea kuanza na maisha ya msanii ili tuifungue kazi yake. Hapa mambo yalikwenda kinyume: kazi ndiyo iliyomfungulia mwana njia ya kumjua mama. Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi muulize kata. Mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo hakuwa kata. Kata ilikuwa kamera, iliyozama pamoja na Miller na kurudi na maji ambayo yeye mwenyewe hakutaka kuyanywa tena. Wasifu ambao Antony aliuchapisha mwaka 1985 ni kazi ya msomaji aliyechelewa, anayejaribu kuoanisha mwanamke aliyemkuta darini na yule aliyemjua mezani.

Baada ya kifo hicho Antony alipata kujua jambo jingine. Mama yake alinajisiwa alipokuwa na umri wa miaka saba, akaambukizwa kisonono. Nilipolisoma hilo, nilijishika nikitenda kosa ninalowakanya wanafunzi: nilianza kuisoma kila picha kama dalili ya jeraha hilo moja. Tuchukue picha iliyopigwa Munich tarehe 30 Aprili 1945, siku ambayo Hitler alijiua Berlin. Miller ameketi ndani ya hodhi la kuogea katika nyumba ya Hitler. Mpigapicha ni mwenzake, David E. Scherman. Kwenye mkeka, mbele ya hodhi, yapo mabuti ya Miller, yenye tope la Dachau. Ukiisoma picha hii kwa ufunguo wa utoto wake pekee, utamwona mwanamke anayejiosha unajisi, na mabuti yatatoweka machoni. Hapo wafu wa Dachau hugeuzwa kuwa pambo la huzuni ya mtu mmoja. Siri ya familia, ikishafichuliwa, ina uwezo huo wa kuimeza historia nzima, na mhakiki mwenye huruma ndiye aliye rahisi zaidi kunaswa.

Nasema haya nikiwa na deni langu. Mama yangu hakuwa mwanahabari wala hakupata kushika kamera. Alipofariki aliacha chini ya kitanda sanduku la bati lenye kufuli. Dada yangu mkubwa alitaka lichomwe bila kufunguliwa. Mimi, kwa kiburi cha shahada ya uzamifu, nilisema hakuna matini isiyostahili kusomwa. Tukalifungua. Kati ya leso kuukuu na kadi za kliniki tulikuta picha ya studio: mama akiwa msichana, amevaa vizuri, na begani mwake mkono wa mtu mwingine. Mtu mwenyewe alikuwa amekatwa kwa mkasi. Dada yangu aliitazama, akatoka chumbani bila neno. Kwa miezi kadhaa niliwahoji mashangazi na wazee wa mtaa kuhusu mkono ule, kana kwamba mama alikuwa ameniachia kitendawili na kunitaka nikitegue.

Niliacha nilipoirudia habari ya Miller. Masanduku yote mawili yalihifadhiwa, hayakuchomwa. Lakini hayakubeba haki sawa. Negativu za Dachau hazikuwa mali ya mama mmoja. Wale waliolala mle ndani ya picha walikuwa na madai yao ya kuonekana, na kimya cha darini kiliwanyima. Aliyeyafungua masanduku hayo aliwatendea haki. Picha ya mama yangu haidaiwi na umma wowote. Isitoshe, haikuwa pungufu kama nilivyodhani. Mama aliihariri kwa mkasi: akabakisha mkono, akaondoa uso, akaitunza hivyo kwa maisha yake yote. Ule mkato ni uamuzi wa mtunzi, nami nilikuwa nikiuchukulia kama ukurasa uliochanika.

Huenda hilo ndilo nililopaswa kumjibu yule mwanafunzi. Kimya cha Mwana Kupona kuhusu vita vya Siyu kinaweza kuwa kifuniko; kinaweza pia kuwa mkato wa makusudi, wa mama aliyeamua ni kipi binti atahitaji kesho. Kabla ya kukivunja, mhakiki hana budi kuuliza ni nani mwingine aliyefungiwa ndani yake, na kama anadai kutoka.

Picha nimemrudishia dada yangu. Hajaniambia mkono ule ni wa nani. Sijamwuliza tena, ingawa ningali natamani kujua.