Mama wa Sumaku

Nilizaliwa Murang'a, katika nyumba ya wakulima wa chai. Utoto wangu ulikuwa kikapu mgongoni na foleni ya kupimisha majani. Baada ya shule niliajiriwa katika kiwanda cha wakulima wadogo, nikaanzia kwenye vitanda vya kunyaushia majani na kumalizia ofisi ya ubora.

Mwezi uliopita tulimzika mama aliyenifundisha kazi ya sumaku. Matangani nikamsikia kijana akieleza kwamba viwanda vyetu vilichelewa kupata cheti cha usalama wa chakula cha ISO 22000 kwa sababu wafanyakazi wa zamani hawakusoma. Hilo si kweli, na siwezi kulinyamazia.

Majani yakishanyauka hupitishwa kwenye roli za CTC, zenye meno ya chuma yanayoyaponda na kuyararua. Meno hulika, hunolewa, hulika tena, na chembe za chuma huingia katika chai. Chai ikishachachuka na kukaushwa hadi unyevu wa asilimia 3 hivi, hupita chini ya sumaku. Sumaku isipopanguswa hujaa, na kilichonaswa hudondoka tena ndani ya chai. Marehemu alipangusa, akapima chuma alichotoa, akaandika. Kipimo kikipanda, alimwendea fundi wa roli yeye mwenyewe, hakungoja kutumwa.

Kiwango cha ISO 22000 kilitolewa mwaka 2005. Tulipoanza kujiandaa, kiwanda kilileta mshauri. Yeye alishikilia kwamba mahali pa kulinda kuliko pote ni kwenye kikaushio, maana joto huua vijidudu. Nikamwambia sumaku nayo iwekwe daraja hilo hilo: mnywaji huchemsha maji, na maji ya moto humsaidia dhidi ya vijidudu, lakini hayamwondolei chuma. Tulibishana hadi wakurugenzi wakachoka. Hata leo sijabadili neno.

Wakurugenzi walichaguliwa na wakulima, na kila shilingi ya sakafu mpya au nyavu za madirisha waliiona imemegwa kwenye bonasi. Siwalaumu. Mnunuzi wa mnada wa Mombasa huangalia kwanza rangi na ladha ya chai, na mkulima ana karo ya kulipa. Hatimaye fedha zilipatikana.

Kilichotukwamisha ni ajira ya vibarua. Meneja mmoja aliona mfanyakazi wa kudumu ni ghali, basi chumba cha kuchekechea kikajazwa watu wa msimu. Majani yakipungua, wanaachishwa. Yakiongezeka, wanakuja wengine, nasi tunaanza mafunzo upya. Mkaguzi alimuuliza mmoja wao kwa nini anapangusa sumaku. Akajibu kwamba ameambiwa apanguse. Kabla ya ukaguzi uliofuata, meneja huyo aliagiza rekodi za miezi zijazwe kwa jioni moja. Nilikataa kutia sahihi. Zikajazwa hivyo hivyo, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na mkaguzi akaona. Cheti tukakikosa, lawama wakatwishwa vibarua.

Nanyi vijana wa ubora, acheni kujificha nyuma ya mafaili! Shukeni chumba cha kuchekechea zamu ya usiku. Muulizeni anayepangusa sumaku mkataba wake unaisha lini. Kama unaisha kabla ya ukaguzi ujao, asubuhi hiyo hiyo mwendeeni meneja mkadai abakishwe, na jibu lake mlitake kwa maandishi.